Punguzeni tiketi zilizo wazi kabla ya kuongeza mikutano

Timu nyingi za kutengeneza programu hapa Mombasa zikiniita niwafundishe ajaili, ule mtindo wa kufanya kazi kwa vipande vidogo vidogo, nakuta vya kuonekana kwa macho vyote vipo. Stendapu ya asubuhi, kile kikao kifupi cha kila siku, ipo, sprinti, yaani vipindi vya kazi vya wiki mbili, zipo, bodi ya kazi imejaa tiketi rangi rangi, kila tiketi ni kazi moja, na bado klayenti anapiga simu kuuliza mbona kile alichoomba mwezi uliopita hakijafika. Mimi siku hizi siigusi mikutano yao kwanza, naenda moja kwa moja kwenye safu ya katikati ya bodi, ile ya kazi zinazoendelea, nahesabu. Unakuta madevelopa wanne, tiketi kumi na mbili wazi. Ugonjwa uko hapo.

Kuna hesabu fupi ya mambo ya foleni aliyoithibitisha John Little mwaka 1961: muda wa wastani kazi inaokaa ndani ni idadi ya kazi zilizo ndani, gawanya kwa kasi ya kuzimaliza. Mkiwa mnamaliza tiketi 4 kwa wiki na mmefungua 12, kila tiketi itachukua wastani wa wiki 3, hata watu wakeshe na kahawa. Shukeni mpaka 6, kasi ibaki ileile, inakuwa wiki moja na nusu. Na kasi yenyewe mara nyingi hupanda, maana mtu anayerukaruka kati ya tiketi tatu kila akirudi kwa moja lazima ajikumbushe alifika wapi, halafu msimbo uliokaa pembeni wiki mbili, kuja kuuunganisha na wa wenzako ni vita.

Kanban, njia ya kuendesha kazi kwa bodi yenye kikomo, ndiyo iliyolifanya jambo hili la kupunguza kazi zilizo wazi kuwa sheria. Asili yake ni viwanda vya Toyota kule Japani, kazi ya Taiichi Ohno, na miaka ya 2000 David Anderson akaileta kwa watu wa programu. Unaandika namba juu ya safu, ikijaa hakuna kuvuta tiketi mpya mpaka moja itoke. Watu wa huku wanaelewa haraka nikiwatajia bandari ya Kilindini, meli haiingii gatini mpaka gati lipate nafasi, inangoja nje.

Kuelewa si shida, shida ni siku ile developa amemaliza yake, safu imejaa, na meneja anamuona amekaa. Anataka ampe tiketi nyengine hapohapo, nami huwa namuomba sana asifanye hivo. Kuna timu moja ya mfumo wa mawakala wa forodha, kazi zao zote zilikuwa zimerundikana kwa mtu mmoja wa majaribio, wengine wanaendelea tu kumuongezea. Tulipoifunga safu ile ya majaribio kwa namba ndogo madevelopa wakakosa pa kusukuma, ikabidi wajaribu kazi za wenzao, na hapo ndo wakaanza kuziona bagi zao wenyewe, yaani makosa ya programu, mapema.

Stendapu nayo inabadilika. Mwongozo wa Scrum, moja ya njia za ajaili, wa Ken Schwaber na Jeff Sutherland, toleo la 2020, uliyatoa yale maswali matatu ya jana nilifanya nini, leo nafanya nini, nini kinanizuia, lakini timu bado zinayasoma mbele ya bosi kama ripoti, na zile dakika 15 za stendapu ni za madevelopa, si za bosi. Anzeni na tiketi iliyo karibu zaidi na mwisho wa bodi, muulizane nini kinaizuia isitoke leo, kisha mrudi nyuma moja moja.

Swali ninaloulizwa kila mahali ni la dharura. Mfumo ukigoma na wakala ana kontena la kutoa bandarini kabla gharama za kuhifadhi hazijaanza kuhesabiwa, hiyo haingoji safu ipungue, ni kweli. Basi tengeni nafasi ya dharura juu ya bodi, moja tu, ya pili ikija ipange foleni, na anayeamua ipi ndiyo dharura awe mtu mmoja anayejulikana na timu nzima, si kila mwenye namba ya simu ya developa.