Shaba na dhahabu chini ya mashapo mazito: yanayodhaniwa na yaliyothibitika

Mtu aliyekulia karibu na machimbo ya Geita amezoea kuona mshipa wa jiwe jeupe la kwatzi ukichomoza juu ya ardhi, na aliyekulia Katanga anavijua vilima visivyo na miti kwa sababu udongo wake umejaa shaba inayoua mimea mingi. Mazoea hayo ni ya thamani, lakini ndiyo yanayozaa dhana potofu pale utafutaji unapohamia kwenye maeneo ambako mwamba wenye madini umefukiwa na mamia ya mita za mashapo, yaani mchanga na matope yaliyotuama juu yake na kuwa tabaka. Mfano unaofundisha zaidi ni Olympic Dam, mgodi wa shaba na dhahabu katika jimbo la South Australia, takriban kilomita 550 kaskazini mwa Adelaide, ambako ndiko utafutaji wa aina hii ulikojifunzia mengi.

Dhana: Kama madini yapo, ardhi haikosi kutoa dalili.

Ukweli ni kwamba pale Olympic Dam ardhi haikutoa dalili yoyote. Madini yalijijenga takriban miaka milioni 1,590 iliyopita. Mwamba wake ukalika kwa mmomonyoko, kisha, baada ya muda mrefu mno, mashapo ya zama nyingine yakaja kutandikwa juu yake, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene ukafika takriban mita 350. Kwa kuwa mashapo hayo hayakushiriki katika kuumbwa kwa madini, anayechota sampuli za udongo wa juu anayapima mashapo yenyewe tu. Jina la mahali lenyewe linatoka kwenye bwawa la kunyweshea mifugo lililochimbwa mwaka 1956, mwaka wa Michezo ya Olimpiki ya Melbourne. Kwa karibu miaka 20 mifugo ilikunywa maji jirani na mojawapo ya hazina kubwa kabisa za shaba duniani bila mtu yeyote kushuku.

Wapo wanaotaja utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ulioonyesha kwamba mikalitusi ya Australia Magharibi huvuta chembe za dhahabu kutoka kina cha takriban mita 35 na kuzipeleka hadi kwenye majani. Utafiti huo ni wa kweli na unapendeza, ila mita 35 si mita 350.

Dhana: Siku hizi kuna mashine inayoona dhahabu chini ya ardhi.

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu fedha nyingi zaidi, hasa wanapouziwa vifaa vya mkononi kwa maneno matamu. Kigunduzi cha mkononi hufanya kazi kwenye kina kifupi sana cha udongo. Vipimo vinavyoweza kupenya mashapo mazito ni vya aina nyingine, na wala havitafuti dhahabu wala shaba. Vinatafuta tofauti kati ya mwamba na mwamba. Dhahabu ya Olympic Dam haifiki wastani wa gramu moja katika tani nzima ya mwamba, na hakuna kipimo cha uvutano, yaani cha nguvu ya dunia inayovuta vitu chini, kitakachohisi uzito mdogo kiasi hicho. Kinachohisiwa ni madini ya chuma yaliyoandamana nayo, yaani hematiti, ambayo ujazo wake mmoja una uzito wa karibu mara mbili ya granaiti inayoizunguka.

Kazi yenyewe ya kupima uvutano ni ya subira. Mpimaji huweka kifaa chake juu ya kigoda cha miguu mitatu, hurekebisha miguu hiyo mpaka kiputo cha kusawazishia kitulie katikati, husubiri, husoma, kisha huhamia kituo kinachofuata. Hupima pia mwinuko wa kila kituo kwa usahihi wa sentimita, kwa sababu kupanda mita moja tu hubadilisha usomaji kwa takriban miligali 0.3, na miligali moja ni kama sehemu moja ya milioni ya nguvu ya uvutano tuliyoizoea. Asiyejali mwinuko anaweza kuchora ramani ya vilima akadhani amechora ramani ya madini.

Kipimo cha usumaku nacho kina mtego wake. Magnetiti huvuta sumaku kwa nguvu ilhali hematiti karibu haivuti kabisa, ingawa zote mbili ni madini ya chuma. Ndiyo maana wataalamu huziweka ramani za uvutano na za usumaku pamoja, na hata hapo wanapata umbo la kitu kizito au chenye usumaku, bila uhakika kwamba kina shaba. Sehemu nyingi za namna hiyo zikichorongwa, yaani zikitobolewa kwa shimo jembamba refu, hutoa chuma kitupu.

Dhana: Waligundua kwa sababu walijua walichokuwa wakikitafuta.

Wanajiolojia wa kampuni ya Western Mining Corporation, waliogundua Olympic Dam, walikuwa na nadharia kwamba miamba ya basalti, yaani mwamba wa volkano, iliyopoteza shaba yake ingekuwa imeiachia mashapo ya jirani. Walipoona mahali ambapo uvutano na usumaku vilipanda pamoja, walidhani chini kuna basalti. Shimo la kwanza, RD1, lilichorongwa mwaka 1975 likakuta mita 38 za mwamba wenye shaba ya asilimia 1.05, lakini basalti iliyotarajiwa haikuwapo: shaba ilikuwa ndani ya miamba iliyovunjikavunjika na kugandishwa upya kwa hematiti, katikati ya granaiti. Kwa maoni yangu hili halipunguzi sifa yao hata kidogo. Nadharia iliwapa sababu ya kuchoronga, na mwamba uliotoka ukawasahihisha.

Dhana: Shimo la kwanza huamua.

Mengi ya mashimo yaliyofuata RD1 hayakuleta cha kujivunia, na mradi ungeweza kufungwa. Ni RD10, mwishoni mwa mwaka 1976, lililokata mita 170 zenye shaba ya asilimia 2.1 na kubadili mambo. Uzalishaji ulianza mwaka 1988.

Shimo tupu nalo halifuti eneo. Kipande cha mwamba kinachotolewa kwa ukubwa uliozoeleka wa uchorongaji kina kipenyo cha milimita 47.6, sawa na kikombe kidogo cha kahawa, na hutakiwa kusimulia habari za mwamba wa kilomita kadhaa. Oak Dam, takriban kilomita 65 kusini-mashariki mwa Olympic Dam, palikuwa pameshachorongwa miongo kadhaa nyuma. Mwaka 2018 kampuni ya BHP ilitangaza shimo jipya hapo lililokata zaidi ya mita 425 zenye shaba ya wastani wa asilimia 3.04, kuanzia kina cha mita 1,063.

Dhana: Kilichofukiwa kina kirefu hakina faida kuchimbwa.

Inategemea wingi na ubora, kwa sababu kupita kwenye mashapo ni gharama inayolipwa kabla ya tani ya kwanza ya shaba kutoka. Carrapateena, hazina nyingine ya shaba katika jimbo hilohilo la South Australia, iko chini ya takriban mita 470 za mashapo. Iligunduliwa mwaka 2005 na mgodi wake wa chini ya ardhi ulianza kuzalisha mwishoni mwa mwaka 2019.