Moare: mawimbi yanayozuka unaposkani picha iliyochapwa

Moare ni mawimbi au vimiraba vinavyojitokeza kwenye picha uliyoskani kutoka kitabu, gazeti au postikadi, ilhali kwenye karatasi yenyewe havionekani. Wengi huilaumu skana. Lakini chanzo kiko kwenye karatasi: picha iliyochapwa imejengwa kwa nukta.

Chukua lenzi ya kukuzia uangalie uso wa mtu katika jarida la zamani lisilo la rangi. Shavuni utaona nukta ndogondogo zilizoachana, karatasi ikionekana katikati yake. Ukishuka chini ya kidevu, penye kivuli, nukta zinanenepa mpaka zinagusana na weupe unabaki vitundu tu. Wino ni uleule mweusi kila mahali, hakuna kijivu hata chembe. Jicho ndilo linalochanganya. Tarehe 4 Machi 1880 gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha kwa mbinu ya aina hii, na mwaka 1882 Georg Meisenbach akapata hataza ya mbinu yake Ujerumani. Baada ya hapo ikaenea kila mahali.

Nukta hizo hukaa kwa safu. Gazeti huwa na safu kama 85 kwa inchi, jarida zuri 133 hadi 150. Skana nayo husoma kwa safu zake za pikseli, yaani vitone vinavyounda picha ya kompyuta. Tandaza chandarua juu ya kingine: matundu yakikaribia kulingana bila kulingana, unaona mawimbi ambayo hayamo katika chandarua chochote. Ndivyo safu za nukta na safu za pikseli zinavyozua moare. Picha ya rangi ina tabu zaidi, kwani kila wino kati ya ile minne (samawati, majenta, njano na nyeusi) una safu zake na mwelekeo wake; kwa kawaida nyeusi hulala nyuzi 45 na njano nyuzi 0. Halafu picha ikirudi kiwandani kuchapwa tena, nukta mpya zinachapwa juu ya kivuli cha zile za zamani, na dosari uliyoipuuza kwenye kompyuta inatoka waziwazi kwenye karatasi.

Dawa ni kuskani kwa pikseli nyingi kuliko unazohitaji, 600 au hata 1200 kwa inchi, ili kila nukta inaswe nzima. Kisha, katika programu ya kuhariri picha, tia ukungu (blur) kidogo kidogo mpaka nukta ziyeyuke zikawa kijivu halisi, ndipo upunguze picha hadi pikseli 300 kwa inchi kwa ukubwa itakaochapwa, na mwisho uirudishie ukali. Mpangilio huo usiuvuruge: ukipunguza kabla ya ukungu, moare inaweza kurudi palepale. Programu nyingi za skana zina chaguo la kuondoa nukta. Kwa kazi ya haraka linafaa, ila mara nyingi hula nyuzi za nywele na maandishi madogo, na kwa kitabu kitakachodumu mimi nasisitiza kazi ya mkono. Faili la kwanza lihifadhi kwa TIFF, aina ya faili la picha, bila kuligusa. Na kama maandishi ya upande wa pili yanapenya, weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa.

Si kila picha ya zamani inahitaji haya. Michoro iliyochongwa kwenye mbao au shaba, iliyojaa vitabu vya karne ya 19, ni mistari halisi ya wino, na kuitia ukungu ni kuiua. Hiyo iskani kwa pikseli 1200 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu, ichapwe mstari kwa mstari kama mchongaji alivyoikata. Inasikitisha kuona vitabu vipya ambamo michoro ya namna hiyo imegeuzwa ukungu wa kijivu kwa sababu tu hakuna aliyeikagua kwa lenzi kabla ya kufunika skana.