"Hasikii" hubeba mengi mno

Juzi tena mtangazaji kasema redioni kwamba wenye skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaovuruga fikra, "hufundishwa kusikia ili zile sauti ziwatoke kichwani". Nikazima redio. Mambo matatu, furushi moja: kusikia kwa sikio, kupambanua sauti kwa ubongo, na kusikia sauti zisizokuwepo.

Haraka basi: uchakataji wa sauti ni kazi ya ubongo kupambanua kile ambacho sikio limekwisha kupokea, kama ni juu au chini, kirefu au kifupi. Katika skizofrenia kazi hiyo mara nyingi hulegea, hata kipimo cha masikio kikitoka safi.

Lawama nyingine ni ya kitenzi chetu "sikia", tulichokitwisha kila mzigo. Twasikia baridi, njaa, harufu. Mtoto mtukutu "hasikii", ilhali pipi ikifunguliwa chumba cha tatu yeye ndiye wa kwanza kufika. Na yule asiyesikia la mkuu hakuvunjika guu kwa uziwi. Basi ndugu mwenye skizofrenia akichelewa kujibu, nyumbani wanasema hasikii, yaani ana kiburi. Akisikia watu wasiokuwepo, hayo ni maruweruwe, habari nyingine kabisa. "Kuchakata" angalau ni neno la kazi, wajuao mkonge wanalifahamu: jani huingia mashineni zima, hutoka nyuzi. Nyuzi zikitoka zimevurugika, shamba halina kosa.

Chukua "umekula". Ili liwe swali hatuongezi neno, tunapandisha sauti tu. Ambaye ubongo wake haukunasa mpando huo huenda akaona ameambiwa jambo, akanyamaza. Kejeli nayo hukaa hapohapo: "ahsante sana" ya aliyepewa zawadi na ya aliyekanyagwa kwenye daladala zina herufi zilezile.

Na hayo mafunzo? Mwaka 2009 watafiti Melissa Fisher, Sophia Vinogradov na wenzao wa San Francisco walichapisha jaribio la wagonjwa 55. Baadhi walifanya saa 50 za mazoezi ya kompyuta ya kutofautisha sauti, wengine wakacheza michezo ya kawaida ya kompyuta. Wa kundi la kwanza waliimarika katika kujifunza na kukumbuka maneno. Kilichofundishwa pale ni ubongo. Masikio hayakuwa na kosa la kutibiwa, wala mazoezi hayakuchukua nafasi ya dawa.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, ungesema tu "hufanyishwa mazoezi ya kupambanua sauti", nami ningeiacha redio iendelee.