Betri ya mtambo wa upepo: anza na siku ambazo hakuna upepo

Kwenye kitengo chetu cha nishati swali la upepo huwa linakuja vilevile kila mara: nina mtambo wa kilowati 1, ninunue betri ngapi? Na mimi nauliza kwanza, kwako upepo ukikata unakaa siku ngapi bila kurudi? Manake ile kilowati 1 iliyoandikwa kwenye kibati ni ya upepo mkali, mara nyingi mita 11 au 12 kwa sekunde, na kasi ya upepo ikishuka nusu umeme hauji nusu, unashuka mpaka sehemu moja ya nane. Upepo wa mita 6 unakupa kama wati 125 hivi, basi. Kwa hiyo betri yako leo itapata kidogo, usiku wa manane ipate nyingi, kesho na keshokutwa isipate kitu. Mwenye sola walau anajua jua lake linatoka saa ngapi.

Sasa betri za risasi, hizi za maji na hata zile za jeli, kitu kinachoziua haraka ni kukaa muda mrefu bila kujaa. Ukitumia umeme, kwenye plet (vile vibao vya risasi vya ndani) inatengenezwa chumvi ya salfeti, ukichaji inaondoka, ila ukiiacha siku nyingi inaganda chenga chenga ngumu na hapo chaji ya kawaida haiitoi tena. Niliwahi kupasua moja karakana (usijaribu nyumbani, ndani kuna asidi), mwenyewe analalamika ameuziwa feki haijafika hata mwaka. Plet zina weupe kama chokaa, chini kitakoni umejaa unga. Betri haikuwa feki, ila miezi yote ile upepo ulikuwa haujawahi kuijaza mpaka juu hata mara moja, na kila jioni anawasha tivii.

Betri ya gari achana nayo kabisa, hata kama unayo ya bure. Plet zake ni nyembamba, imetengenezwa kutoa umeme mwingi sekunde chache injini iwake, sio kukeshea taa. Tafuta inayoitwa dipsaiko (deep cycle), ya kutoa umeme taratibu kwa muda mrefu, plet zake nene. Na hata hiyo usiishushe chini ya nusu. Kama una testa ni rahisi kujua: iache masaa machache bila chaji na bila matumizi halafu pima, kwa betri ya volti 12 ukikuta volti 12.7 imejaa, 12.2 ni nusu, ukiona chini ya 12 ujue unaiua taratibu.

Hesabu yenyewe sio ngumu. Tuseme unatumia wati-saa (wati za kifaa mara saa unazokiwasha) 1,000 kwa siku na upepo wako ukipotea unapotea siku 3, hapo unahitaji 3,000. Kwa risasi unatumia nusu tu kwa hiyo nunua ya 6,000, yaani ukigawa kwa volti, ampea-saa 250 kwenye mfumo wa volti 24. Kwa lithiamu unaweza kutumia kama asilimia 80, inakuja 3,750, ambayo ni kama ampea-saa 156 kwa volti hizo hizo 24. Mimi naongeza kidogo juu ya hapo sababu inveta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe wa kuwashia vitu vya nyumbani, nayo inakula.

Lithiamu ninayoongelea ni ile ya chuma na fosfeti, LFP, na kama mfuko unaruhusu kwa upepo ndo naipendelea. Kukaa nusu haijali, hata inapenda, na inachajiwa na kutumika mara elfu kadhaa wakati ya risasi inahesabu mamia. Ubaya wake haipendi kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0. Ila kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawasemi kabisa, pengine kwa sababu wamezoea sola. Ndani ya hiyo betri kuna sakiti ya ulinzi, mafundi wanaiita BMS, volti ikizidi inakata palepale. Kwenye sola hakuna neno, paneli inakaa tu juani. Kwenye upepo, BMS ikikata betri ghafla mtambo umebaki hauna mzigo, yale mapanga yanaanza kukimbia, unasikia mlio unapanda kama filimbi, volti nazo zinapanda, kontrola (kifaa kinachosimamia chaji ya betri) inaungua ndani ya muda mfupi sana na mapanga yenyewe yanaweza kupasuka.

Ndo maana mtambo wa upepo lazima uwe na hita ya kumwagia umeme uliozidi, na iweze kubeba nguvu yote ya mtambo sio nusu yake. Kwa LFP ya volti 12 iseti ianze kuwaka kwenye volti 14 hivi, kabla ya 14.6 ambao ndo mwisho wa kuichaji, ili BMS isifikie hatua ya kukata.

Mengine kwa haraka. Usichanganye betri mpya na kuukuu, ile kuukuu inaivuta mpya chini. Joto nalo, kwa betri ya risasi kila nyuzi 10 zikizidi juu ya 25 umri unakaribia kukatika nusu, kwa hiyo usiziweke darini chini ya bati. Za maji zinatoa gesi ya haidrojeni wakati wa chaji, sehemu iwe na hewa na pasiwe na moto, na unaongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke tu, usiongeze asidi.

Halafu jizoeze kitu kimoja: siku upepo ni mkali na betri imejaa, sogeza mkono karibu na ile hita, usiiguse. Ukikuta ya baridi, vuta breki ya mtambo hapohapo upepo haujazidi, ndo uanze kutafuta waya uliokatika.