Senta mrefu haleti kombe peke yake

Dhana: katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, chuo chenye senta (mchezaji wa karibu na kikapu) mrefu kuliko wote ndicho bingwa.

Kwetu imani hii ilipata nguvu Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye mita 2.21, alipokuwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Msimu wa 2008/09 alizuia mitupo zaidi ya minne kwa mechi, lakini timu yake iliishia nusu fainali ya taifa mbele ya Michigan State. Mwaka 2011 chuo hichohicho kikatwaa ubingwa kikiongozwa na gadi (mchezaji wa nje anayeendesha mpira), Kemba Walker, ambaye angemfikia Thabeet begani tu. Mwaka 2014 kikarudia, safari hii na gadi Shabazz Napier. Fainali hiyo Connecticut ilifunga mitupo huru yote 10. Kentucky, timu ya mapande ya watu, ilikosa 11 kati ya 24 na kulala 60-54.

Gadi ndiye anayemfikishia senta mpira. Katika fainali ya 2024 Zach Edey wa Purdue, mita 2.24, alifunga pointi 37 na bado akapigwa 75-60. Connecticut walimwachia senta wao kazi ya kumkaba, wengine wakawabana magadi nje. Purdue nzima ikapata mtupo mmoja tu wa pointi tatu.

Dhana: basi masenta wamepitwa na wakati.

Hapo mimi nakataa kabisa. NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, humkataza mlinzi kujibanza chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu. Vyuo havina katazo hilo, kwa hiyo senta wa chuo anaweza kuweka kambi pale na kuwafanya wapinzani waogope kuingia. Mtupo usiopigwa hauandikwi popote. Anthony Davis wa Kentucky, fainali ya 2012, alipata kikapu kimoja katika mitupo 10, ila alidaka ribaundi 16 (mipira ya mitupo iliyokosa), akazuia mitupo 6 na kuondoka na kombe pamoja na tuzo ya mchezaji bora. Aliyehesabu vikapu tu hakuiona mechi.

Tatizo kubwa la senta ni faulo: vyuoni ya tano unatoka, NBA ya sita. Nusu fainali ya 2004, Emeka Okafor wa Connecticut alipata mbili mapema dhidi ya Duke, akakaa benchi karibu kipindi chote cha kwanza. Cha pili akafunga pointi zake zote 18, wakashinda 79-78.