Kodi ya mishahara haisubiri mwisho wa mwaka

Waajiri wengi wadogo Unguja na Pemba, hasa wenye nyumba za wageni na maduka, huamini kwamba kodi ya mishahara na michango ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar (ZSSF) ni mambo ya kufunga hesabu Disemba. Si kweli. Kodi inayokatwa kwenye mshahara hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, na michango ya ZSSF nayo huhesabiwa mwezi kwa mwezi, ikijumuisha fungu la mwajiri na la mfanyakazi.

Kosa jingine ni kudhani kila kodi ya Zanzibar hupokewa na Mamlaka ya Mapato Zanzibar (ZRA). Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, hivyo kodi ya mishahara hupelekwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA).

Kwa hiyo kalenda ya mwajiri inahitaji uangalifu zaidi ya kukumbuka tarehe. Tarehe 7 Aprili ni Siku ya Karume na 7 Julai ni Sabasaba, zote mapumziko, na ni busara malipo yakamilike siku kadhaa kabla. Julai ina uzito wa pekee: mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1, viwango vipya vya Bajeti huanza kutumika, ilhali mwaka wa mapato wa mfanyakazi ni Januari hadi Disemba. Mishahara ya Julai ikokotolewe upya, isinakiliwe ya Juni.