Usajili wa Shirika Si Cheti cha Ndoa: Ufafanuzi kwa Umma

Tangu Mahakama ya Juu itoe uamuzi wake tarehe 24 Februari 2023, dawati letu la elimu ya sheria limekuwa likiulizwa swali lilelile: je, Kenya imehalalisha ndoa za jinsia moja? Haijahalalisha. Kesi ile haikuhusu ndoa hata kidogo.

Mwanaharakati Eric Gitari aliomba ahifadhiwe jina la shirika la kutetea haki za wapenzi wa jinsia moja, ili aweze kulisajili. Bodi ya Kuratibu Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ikakataa. Akashinda katika Mahakama Kuu mwaka 2015 na katika Mahakama ya Rufani mwaka 2019. Hatimaye majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu walisema kukataa huko ni ubaguzi na kunakiuka Ibara ya 36 ya Katiba, inayolinda uhuru wa kujumuika. Wawili walipinga. Ombi la mbunge George Kaluma la kutaka uamuzi huo uangaliwe upya lilitupwa Septemba 2023. Hukumu yenyewe inasomeka bila malipo kwenye tovuti ya Kenya Law, na ni dhahiri kwamba wengi wanaotuandikia kwa ghadhabu hawajaifungua.

Sheria ya ndoa iko palepale. Ibara ya 45(2) inampa kila mtu mzima haki ya kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti, kwa hiari ya wote wawili, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataja mwanamume na mwanamke. Kanuni ya Adhabu nayo haikuguswa: kifungu cha 162, kuhusu ngono "kinyume na maumbile", kina kifungo cha hadi miaka 14, cha 163 kuhusu jaribio la kosa hilo miaka 7, na cha 165, kuhusu vitendo vya aibu kati ya wanaume, miaka 5. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta kifungu cha 162 na cha 165.

Viongozi wa dini wanauliza kama watalazimishwa kufungisha ndoa wasizoziamini. Ibara ya 32(4) inakataza mtu kulazimishwa kutenda jambo lililo kinyume na dini yake. Wasisahau pia Ibara ya 8: serikali haina dini. Kwa hiyo, hoja ya maandiko peke yake haitoshi mbele ya jaji, hata kama waumini wote wameiitikia. Ofisi hii haina msimamo kuhusu imani ya yeyote.

Baadhi ya wanaobishania ndoa za jinsia moja hutaja desturi ya mwanamke kuoa mwanamke, kama kwa Wanandi, wakidai ni ushahidi wa upande wao. Mwaka 2011 Mahakama Kuu iliitambua desturi hiyo katika shauri la urithi. Ni mpango wa ukoo na mali, usio na uhusiano na mapenzi ya jinsia moja, na tungeomba pande zote ziuache nje ya mjadala huu.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni raia kujifanya polisi. Kumpiga mtu kwa kumshuku ni kosa: kumjeruhi, chini ya kifungu cha 251, ni hadi miaka 5; kumdhuru vibaya, chini ya kifungu cha 234, ni hadi kifungo cha maisha. Kusema "tulikuwa tunalinda maadili" hakumwondolei mshtakiwa hatia.

Anayetaka Ibara ya 45 ibadilishwe, kwa kulegezwa au kukazwa, ajue njia ni ndefu. Mswada ukianzia Bungeni, husubiri siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na ya pili, kisha huhitaji thuluthi mbili ya wanachama wote wa Bunge la Taifa na wa Seneti, kila moja peke yake, katika usomaji wa pili na wa tatu. Ukianzia kwa wananchi, huhitaji saini milioni moja za wapiga kura waliosajiliwa, zikaguliwe na Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, kisha mabunge ya kaunti yana miezi mitatu ya kuujadili. Kwa kuwa Ibara ya 45 imo katika Sheria ya Haki, yaani sehemu ya Katiba inayolinda haki za msingi, njia zote mbili huishia kwenye kura ya maamuzi: angalau asilimia 20 ya wapiga kura waliosajiliwa wajitokeze katika angalau nusu ya kaunti 47, na wengi waunge mkono.

Kwa mabadiliko ya sheria za kawaida, Ibara ya 119 inamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi Bungeni. Maombi hayo hayaletwi kwetu.